Sungura Aliyezifikia Ndizi

Msomaji mpenzi, hadithi ya sungura na ndizi unaijua. Tulisimuliwa sote shule ya msingi. Sungura aliona ndizi mbivu, akaruka mara ya kwanza, akaruka mara ya pili, akazikosa. Basi akaenda zake huku akitangaza kwamba zile ndizi bado mbichi, hazifai. Mwalimu alitufundisha kwamba sungura alikuwa mwongo. Alichosahau kutuambia ni kwamba sungura alikuwa pia mhakiki. Alitoa hukumu juu ya kitu ambacho hakukionja.

Nimeanza na sungura kwa sababu makala hii ni ya kujisuta. Wale mliohudhuria kikao chetu cha kusoma miswada, pale kijiweni kwetu nyuma ya Mtaa wa Mkunguni, mnakumbuka yaliyotokea. Mwenzetu mmoja, kijana mpole anayeuza viatu vya mtumba Mchikichini, alisoma hadithi yake. Ndani yake kuna bosi fisadi anayemwalika binti wa chuo katika mgahawa wa kifahari wa mjini. Wanaletewa chaza wabichi. Bosi anawakata kwa kisu na uma, mvuke unapaa, anatafuna huku anacheka.

Niliichana hadithi ile. Nilisema mgahawa wake ni wa sinema, haupo duniani. Nilisema pia kwamba chakula cha namna ile ni ushamba wa matajiri na fasihi ya Kiswahili haina haja nacho. Washikaji wakapiga makofi. Yule kijana akakunja karatasi zake taratibu, kisha akaniuliza swali moja tu: "Kaka, wewe umeshawahi kuingia?"

Nikazuga. Nikasema mhakiki hahitaji kuwa mpishi ili ajue mchuzi umezidi chumvi. Watu wakacheka, tukaendelea na mswada mwingine. Lakini usiku sikupata usingizi. Kusema kweli, ili ujue mchuzi umezidi chumvi si lazima uwe mpishi, ila ni lazima uuonje. Mimi sikuwa nimeonja kitu.

Si mimi peke yangu. Chukua hadithi zetu kumi za vijana wa mjini, saba zina mgahawa wa kitajiri, na migahawa yote saba inafanana: taa hafifu, mvinyo mwekundu, mwanamume mwenye kitambi. Waliotutangulia walitamba na hoteli pia. Mpelelezi Willy Gamba wa Elvis Musiba, tangu Kufa na Kupona ya 1974, si mgeni wa hoteli kubwa. Ben Mtobwa alipotoa Dar es Salaam Usiku mwaka 1990, mji huu ulipata riwaya ya taa zake na giza lake. Sisi tumerithi hoteli zao bila kuziingia. Tunanakili nakala.

Basi nikaamua niingie. Nilikuwa nimelipwa shilingi 300,000 kwa kusahihisha prufu za kitabu cha kiada. Nikatenga nusu. Usinione mtu wa fujo. Mama yangu anakaanga samaki Ilala Bungoni, na mtaji wake wa siku moja ni kama shilingi 70,000. Nilikuwa najua kabisa kwamba nakwenda kula mtaji wa mama wa siku mbili kwa mlo mmoja. Sikumwambia.

Kabla ya kwenda huko nilimsindikiza mama Feri, alfajiri, kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa mdogo. Nilitaka kwanza niwaone samaki wenyewe kabla sijawaona kwenye sahani. Soko la Feri liko Magogoni, jirani na Ikulu ya Dar es Salaam, na majengo yake yalijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kuna upande wa mnada, upande wa kuparua magamba, upande wa kukaanga. Harufu ya moshi na mafuta unaikuta kabla hujafika getini.

Mnada wa Feri ni shule ya lugha. Dalali hasemi "samaki." Ukisema samaki, pale hujasema kitu. Kuna jodari, nguru, kolekole, changu, chewa, tasi, pono, mzia, kibua. Kuna taa na papa. Kuna pweza na ngisi. Kuna kamba, halafu kuna kamba kochi, na bei zao hazisalimiani. Kila jina lina bei yake, lina mapishi yake, lina mteja wake. Mama haulizi anauziwa nini. Anatazama jicho kama linang'aa, anafunua mashavu aone wekundu, anabonyeza mgongo kwa kidole aone kama nyama inarudi. Anafanya hayo huku anabishana bei na dalali. Huo nao ni uhakiki, na kosa lake linalipwa siku hiyo hiyo. Mimi nikikosea kuhakiki hadithi, nitapigiwa makofi. Mama akikosea kuhakiki kibua, jioni anarudi na beseni limejaa.

Siku ya siku ikafika. Mgahawa wenyewe sitautaja jina, kwa sababu nitausema kwa mema na mabaya na sitaki ugomvi. Jueni tu kwamba uko katikati ya mji, ndani ya wilaya yetu hii hii ya Ilala, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Feri. Kwamba ni mwendo mfupi ndilo jambo la kwanza lililonishangaza. Katika hadithi zetu mgahawa wa namna hii huwa mbali, ng'ambo ya daraja, kule Masaki, ushuani. Kumbe mimi nimekua nikipita mlangoni pake na ndoo ya samaki kichwani.

Niliazima koti. Mlinzi hakunisimamisha. Binti wa mapokezi alinisalimia kwa Kiingereza, nikamjibu kwa Kiswahili, akatabasamu akanipeleka kwenye meza ndogo karibu na kaunta.

Kaunta hiyo ndiyo moyo wa mgahawa. Wenyewe wana jina lao la Kiingereza, mimi naiita meza ya vibichi. Ni beseni refu la chuma lililojaa barafu iliyosagwa, na juu ya barafu wamelala chaza kwenye magamba yao, kamba, kaa waliochemshwa wakapozwa, na kipande cha jodari chekundu kama nyama ya ng'ombe. Mpishi amesimama nyuma yake na kisu kifupi, kinene, kisicho na makali marefu. Anafungua chaza mbele ya macho yako.

Nikaletewa menyu. Ndugu zangu, menyu ni maandishi, nami ni mhakiki wa maandishi, kwa hiyo niliisoma kama mswada. Kurasa nane, Kiingereza kitupu, na maneno machache ya Kifaransa na Kitaliano. Jina la Kiswahili halikuwamo hata moja. Chaza ametajwa na nchi alikotoka. Mafuta ya zeituni yametajwa na nchi yalikotoka. Lakini samaki wa bahari yetu, yule ambaye pengine asubuhi mama alimpita mnadani, ameandikwa "samaki wa leo," basi.

Nikamwita mhudumu. Kijana wa rika langu, mpole, shati jeupe.

"Samahani kaka, huyu samaki wa leo ni samaki gani?"

"Ni samaki mweupe, bosi. Mtamu sana."

"Jina lake?"

Akatazama kushoto na kulia kama anayetoa siri ya serikali, akainama. "Changu, kaka. Nimemwona jikoni na kichwa chake."

Kutoka "bosi" hadi "kaka" ilichukua sekunde tatu, na kilichotuvusha ni jina la samaki. Hapo nikaelewa kasoro kubwa ya menyu ile, na ni kasoro ileile ya hadithi zetu. Mara ngapi tumeandika "walikula samaki wakanywa soda"? Samaki gani? Mtu anayemnunulia mchumba wake nguru si sawa na anayemnunulia kibua. Anayekula kichwa cha changu na kukifyonza mpaka mifupa iwe myeupe, huyo unamjua tabia bila kuelezwa. Mgahawa umelificha jina kwa kuwa unadhani mteja wake hatalielewa. Sisi tunaoandikia watu wanaoyajua majina hayo yote, tuna kisingizio gani?

Sasa nije kwenye chakula, maana hicho ndicho nilichokifuata.

Niliagiza chaza sita. Shilingi 48,000. Ndiyo, umesoma sawasawa, elfu nane kila mmoja. Walikuja juu ya barafu na vipande vya limau na kibakuli cha siki yenye vitunguu vilivyokatwa vidogo. Na hapa, mbele ya msomaji, namwomba radhi mwenzetu wa Mchikichini nusu, na nusu nyingine naidai. Chaza mbichi hakatwi kwa kisu na uma, wala hatoi mvuke. Ni baridi kama barafu aliyolalia, na unambeba na gamba lake mpaka mdomoni, unamnywa pamoja na maji yake. Hadithi ilikosea. Lakini mimi niliyeichana sikujua imekosea wapi. Nilibahatisha.

Ladha? Wa kwanza nilimmeza kwa woga, sikusikia kitu ila chumvi. Wa pili nikamtafuna. Ebwana! Ni kama ulipokuwa mtoto unaoga Kigamboni, wimbi likakupiga usoni ukiwa umefungua mdomo, ila safari hii bahari ina utamu mwishoni, utamu mdogo kama wa maziwa. Wa tatu nilimkamulia limau. Mpaka wa sita nilikuwa nimenyamaza kimya. Sitasema uongo ili nifurahishe kijiwe: ni chakula kizuri. Kama nilikwenda kutafuta sababu ya kuwacheka matajiri, sikuipata pale.

Nikamuuliza mhudumu, "Hawa wanatoka wapi?"

"Wanakuja na ndege, kaka. Afrika Kusini."

Nilitaka kucheka. Kilomita chache kutoka pale nilipokaa kuna mtaa mzima ambao Waingereza waliuita Ghuba ya Chaza, na mpaka leo tunauita Oysterbay. Chaza wapo kwenye mwambao wetu, juu ya majabali na kwenye mizizi ya mikoko, na akina mama huwabandua maji yakipwa. Halafu chaza wa Ilala anapanda ndege! Nilikuwa nimeshaanza kutunga aya ya dhihaka kichwani, kali kweli. Kisha nikajizuia, kwa sababu nilikumbuka nilikuja kujifunza kutokuwa sungura. Nikajiuliza kwanza: kwa nini?

Jibu liko ndani ya chaza mwenyewe. Chaza hana miguu ya kufuata chakula. Anakaa pale pale na kuchuja maji siku nzima, anabakiza vijidudu anavyokula. Maji yakiwa safi, chaza ni safi. Maji yakiwa na kinyesi, chaza anakusanya vimelea vya kinyesi hicho. Ukimpika vizuri moto unawaua. Ukimla mbichi, unakula maji yote aliyoyachuja. Na limau, ambalo tunaliamini mno, haliwaui wote. Ndiyo maana nchi zinazouza chaza wa kuliwa wabichi hupima maji ya mashamba yao mara kwa mara, na maji yakichafuka mauzo yanafungwa.

Sasa tazama kwetu. Kati ya mji na Oysterbay ndipo Mto Msimbazi unapoingia baharini, ukiwa umepita Vingunguti, Buguruni, Jangwani, ukipokea maji taka njia nzima. Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka katika jiji hili kikasambaa nchini. Basi kama kuna mtu anadhani suala la chaza mbichi ni anasa tu, afikiri tena. Meza ya vibichi ni mtihani wa mfereji. Mji unaoweza kula chaza wake wabichi ni mji uliosafisha mto wake. Sisi bado, ndiyo maana wanapanda ndege. Hiyo ndiyo dhihaka ya kweli, na inatuhusu sote, wenye koti la kuazima na wenye koti lao.

Wala chaza hakuzaliwa tajiri. London ya karne ya 19 chaza walikuwa chakula cha makabwela. Charles Dickens, katika The Pickwick Papers ya 1836 na 1837, anawaweka chaza kwenye mitaa ya mafukara, vibanda vimejipanga barabarani kama vibanda vya pweza vya kwetu. Baadaye chaza wa Uingereza wakavuliwa mno, maji yakachafuka, wakaadimika, na kilichoadimika kikapanda bei. Kile kile kilichokuwa cha kibarua kikawa cha bwana. Nimeliweka hili akilini kwa ajili ya pweza wetu. Leo tunamla jioni wima pembeni ya barabara, kipande kimoja kimoja kwa kijiti, tukinywa na supu yake kikombeni. Nani kaahidi kwamba itakuwa hivyo siku zote?

Sahani ya pili ilikuwa jodari mbichi, vipande vyembamba, na mchuzi mweusi wa soya. Huyu naye alikuwa mtamu, laini, bila shombo hata kidogo. Nilimla nikikumbuka Machi 2009, meli ya Tawariq 1 ilipokamatwa katika bahari yetu ikiwa na tani karibu 300 za samaki, wengi wao jodari. Mjini tukawaita "samaki wa Magufuli," kwa kuwa John Magufuli ndiye aliyekuwa Waziri wa Maendeleo ya Mifugo na Uvuvi. Hapo ndipo wengi wetu tulipojua kwamba kuna watu wanakuja kutoka mbali kumfuata jodari huyu tuliyezoea kumtia kwenye nazi. Pale mezani nilielewa wanamfuatia nini.

Baada ya hapo mgahawa ukaanza kuanguka, nami nasema hivyo bila kijicho kwa sababu nimeshausifu. Pweza aliletwa amekatwa nyembamba kama karatasi, amepangwa kama ua, amenyunyiziwa mafuta. Macho yalishiba, mdomo haukupata kitu. Ni laini, ndiyo, lakini ule ubishi wa pweza, ule mvutano wa meno unaokufanya utafune na kuzungumza, umeondolewa. Hakuna pilipili, hakuna ule wekundu wa maji yake mwenyewe. Muuza pweza wa Mtaa wa Msimbazi, mwenye kijiko na ndoo, anampiga mpishi huyu mabao matatu kwa sifuri. Na "samaki wa leo," yaani changu wangu, aliletwa bila kichwa, mnofu mtupu, amekauka kama ng'onda wa Kariakoo. Mpishi anayejua kuheshimu kibichi hakujua kuheshimu kilichopikwa. Alimwogopa samaki wetu, akamzidishia moto.

Wakati nasubiri bili nikawatazama watu. Nilikuwa nimekuja na wahusika wangu kichwani: fisadi, binti aliyepotea, mzungu mlevi. Hawakuja. Meza ya kushoto kulikuwa na mzee wa Kitanzania na mkewe, mzee kaweka uma pembeni anamenya kamba kwa mikono, mkewe anamfuta kidevu. Meza ya nyuma familia inampongeza binti kwa kumaliza chuo, na baba anaisoma menyu kwa kuanzia upande wa bei, kama mimi. Mhusika mwenye mgogoro mkubwa kuliko wote alikuwa yule mhudumu. Nilimuuliza, "Wewe unawapendea nini hawa chaza?"

"Sijawahi kuonja, kaka."

"Hata mmoja? Si unawabeba kila siku?"

"Wanahesabiwa. Wakitoka jikoni wanahesabiwa, magamba yakirudi yanahesabiwa."

Sikuwa nimebakiza hata mmoja. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyotazamia. Mtu huyu anawasifu chaza kila usiku kwa lugha mbili, na hajui ladha yao. Lakini sikiliza tofauti yake na sungura, na tofauti yake na mimi: nilipomuuliza, alisema ukweli. Alisema sijaonja. Maneno mawili tu, ambayo mimi nilishindwa kuyatamka kijiweni.

Bili ilikuwa shilingi 142,000. Nikalipa, nikamwachia elfu tano, nikatoka nikarudi kwa miguu. Nilipita Samora, nikakata Mnazi Mmoja, nikashika Uhuru mpaka nyumbani. Njaa ilinianza kabla sijafika Kariakoo.

Mama alikuwa bado anapanga vibua kwenye kabati la kioo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Koti la nani hilo?"

Nikamweleza yote, mpaka bei. Nilitegemea anifokee. Alinyamaza, akageuza samaki kwenye karai, kisha akauliza, "Chaza? Hawa wa kwenye mikoko?"

"Hao hao, mama. Wabichi."

"Bibi yako kule Kilwa alikuwa anatuchemshia. Siku ambayo hakuna pesa ya samaki." Akacheka kidogo. "Ulishiba?"

"Sikushiba."

"Basi kesho utanisaidia kubeba ndoo." Akanitilia kibua kwenye karatasi, na ndimu, na pilipili. Nilikula nimesimama. Kuhusu elfu 142 hakusema tena, na mpaka leo hajasema, nalo ni deni.

Jambo moja limenikaa tangu siku hiyo. Lugha yetu ina neno moja kwa mambo ambayo mgahawa ule unayatenga. Kariakoo ukisema "samaki mbichi," unamtofautisha na mkavu: maana yake katoka baharini sasa hivi, hajakaushwa. Jikoni ukisema nyama mbichi, unalalamika kwamba haijaiva. Embe bichi lina chachandu yake, halimsubiri mtu. Kuni mbichi haziwaki. Kidonda kibichi hakiguswi. Neno hilohilo ni sifa na ni lawama, na anayeamua ni yule aliyeshika kitu mkononi. Sungura alilitumia bila kushika.

Hadithi nyingi zinazosomwa kijiweni kwetu ni mbichi, nami nimekuwa nikilisema neno hilo kwa dharau. Hadithi ya yule kijana ilikuwa mbichi kweli. Sehemu ya mgahawa ilihitaji moto. Lakini katikati yake kulikuwa na kipande kingine ambacho sikukigusa siku ile kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuchekesha watu: binti anarudi nyumbani usiku kwa daladala, anaficha mikono mfukoni ili mama yake asinuse limau. Kipande kile kilikuwa kibichi kwa maana ya Feri. Jicho linang'aa, mashavu mekundu. Mama angekinunua.

Basi wenzangu, sisemi kila mmoja akakope fedha aende kula chaza. Nasema mambo matatu. Kama hujaingia, andika kuhusu mlango, na mlinzi, na harufu inayotoka nje, hayo unayajua. Kama umeingia, usiogope kusifu kilicho kizuri eti kwa sababu wanaokila ni wenye nazo. Na popote ulipo, mtaje samaki kwa jina lake.

Na kwa wenye migahawa, kama gazeti letu hili dogo litawafikia: andikeni changu. Mteja asiyemjua atauliza, na kijana wenu wa shati jeupe atapata cha kumweleza. Pia mpeni chaza mmoja aonje.

Hadithi ya mwenzetu itasomwa upya kikao kijacho, ameikubali kuirudia. Chaza sasa hawatoi mvuke. Mimi nitakaa mstari wa nyuma.